Bologoye: Mji Uliozaliwa Pale Treni Iliposimama

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliostaafu katika kazi ya reli, walimu, wanafunzi, na ndugu zangu wote mliohudhuria: wakubwa zangu nawapa shikamoo, na wadogo zangu nawasalimu.

Naomba mniruhusu nianze na usiku mmoja wa mwezi wa Januari, katikati ya miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi katika jiji lililokuwa likiitwa Leningrad, ambalo leo limerudishiwa jina lake la zamani la St. Petersburg. Nilikuwa nasafiri kwenda Moscow kwa treni ya usiku, nimelala kitanda cha juu, na kilichoniamsha ni ukimya, kwa sababu treni ilikuwa imesimama. Kisha nikasikia mlio wa chuma chini ya behewa, pigo moja, hatua chache, pigo jingine, nikaelewa kwamba kuna mtu anatembea kwenye theluji akigonga magurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu, ili sikio lake limwambie kama kuna gurudumu lenye ufa. Saa ilikuwa inakaribia kumi za usiku. Nilimuuliza mama mhudumu wa behewa tuko wapi, naye akanijibu kwa neno moja, Bologoye, kisha akaongeza kwamba tumefika nusu ya safari.

Tangu usiku ule mji huo haujanitoka moyoni. Nimeusoma, nimeurudia, na kila ninapoufikiria nauona kama kielelezo kilicho wazi kuliko vyote ninavyovijua cha jambo ambalo ninyi mliofanya kazi ya reli mnalifahamu kwa mikono yenu: mji wa reli haulishwi na treni zinazopita, unalishwa na treni zinazosimama. Historia yote ya Bologoye, kupanda kwake na kushuka kwake, inaweza kusomwa kwa kuuliza swali hilo moja katika kila kizazi: ni nini kinachoilazimisha treni isimame hapa, na ni watu wangapi wanapata riziki kwa sababu hiyo?

Bologoye ni mji mdogo wa mkoa wa Tver, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Kwa njia ya reli uko kilomita 319 kutoka St. Petersburg na takriban kilomita 331 kutoka Moscow. Jina lake limeandikwa katika daftari la kodi la ardhi ya Novgorod la mwaka 1495, kwa hiyo makazi yenyewe ni ya kale. Lakini kwa zaidi ya miaka 350 baada ya hapo hapakuwa na lolote la kumfanya mtu wa mbali apajue. Barabara kuu ya farasi kati ya miji mikuu miwili ya Urusi, yaani Moscow na St. Petersburg, ilipita pembeni, kupitia Khotilovo na Valdai. Mizigo mizito nayo ilisafiri kwa maji, kwa mfereji wa Vyshny Volochyok ambao Tsar, yaani mfalme, Peter Mkuu aliamuru uchimbwe mwanzoni mwa karne ya 18 ili nafaka ya bonde la mto Volga ifike kwenye jiji lake jipya la St. Petersburg, lililokuwa ndilo mji mkuu wa dola wakati ule. Vyshny Volochyok ikatajirika kwa majahazi, Valdai ikatajirika kwa wasafiri wa barabara, na Bologoye ikabaki kijiji cha wavuvi, wakulima, na jumba la kabaila.

Mwaka 1842 Tsar Nikolai wa Kwanza aliamuru ijengwe reli kati ya St. Petersburg na Moscow. Wahandisi wakuu wawili, Pavel Melnikov na Nikolai Kraft, waligawana kazi, mmoja upande wa kaskazini na mwingine upande wa kusini, wakishauriwa na Mmarekani George Washington Whistler, ambaye alifariki kwa kipindupindu mwaka 1849 kabla hajaiona kazi ikikamilika. Upana wa reli uliochaguliwa ulikuwa futi tano, na mpaka leo Urusi na majirani zake waliokuwa chini ya dola hiyo wanabeba matokeo ya uamuzi ule.

Hapa sina budi kusahihisha hadithi ambayo kila mgeni anayesafiri njia hiyo husimuliwa, nami nilisimuliwa. Wanasema Tsar aliweka rula juu ya ramani akachora mstari ulionyooka, kalamu ikapita juu ya kidole chake kilichochomoza, na wahandisi kwa hofu wakajenga kona ya nusu duara mahali kilipokuwa kidole. Kona hiyo ilikuwepo kweli, karibu na Verebye, lakini ilijengwa mwaka 1881, miaka 26 baada ya Tsar huyo kufariki. Sababu yake ni mlima. Mstari wa kwanza ulikuwa na mwinuko mkali kiasi kwamba treni nzito zilihitaji msaada wa injini za ziada, na ilionekana nafuu kuzunguka kuliko kupanda. Injini zilipopata nguvu za kutosha, kona ikakosa kazi, na mwaka 2001 njia ikanyooshwa tena. Ninaileta habari hii kwa sababu inatufundisha namna ya kuisoma reli: mbele ya kona, stesheni, au mji, tutafute kwanza injini ya wakati ule ilikuwa na uwezo gani.

Na injini ya mwaka 1851 ilikuwa na kiu. Ilikunywa maji mengi, ilikula kuni kwa wingi, moto wake ulijaza majivu, vyuma vyake vililegea, na watu wanaoiendesha walichoka kwa baridi na moshi. Ndiyo maana stesheni hazikuwekwa kwa kufuata miji, kwa maana miji ilikuwa michache. Ziliwekwa kwa kufuata umbali ambao injini ingeweza kuumudu. Stesheni za daraja la kwanza kati ya miji mikuu miwili, yaani Malaya Vishera, Bologoye na Tver, zinatengana kwa takriban kilomita 160 kila moja, kana kwamba mtu amekata kamba vipande vinne vilivyo sawa. Bologoye ikaangukia katikati kabisa. Kijiji kikawa stesheni ya daraja la kwanza, kikapata karakana ya injini, matangi ya maji, ghala za kuni, nyumba za wafanyakazi, na jengo la abiria lililowekwa kama kisiwa katikati ya njia, treni za kwenda upande huu na za kurudi upande ule zikisimama kila moja kwenye ubavu wake.

Treni ya kwanza ya abiria iliondoka St. Petersburg tarehe 1 Novemba 1851 kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule, ambayo ni tarehe 13 kwa kalenda yetu. Ilibeba abiria 17 wa daraja la kwanza, 63 wa daraja la pili na 112 wa daraja la tatu, ikafika Moscow baada ya saa 21 na dakika 45. Tuzingatie muda huo. Mtu aliyesafiri karibu siku nzima na usiku wake alipaswa kula, kunyoosha miguu na kuota moto, na hapo ndipo stesheni ya katikati ilipopata biashara yake ya kwanza ya ukumbi wa chakula, supu ya moto, na chai.

Siwezi kupita hapa bila kuwataja waliotandika mataruma hayo. Reli ilijengwa wakati watu wengi wa Urusi walikuwa bado watwana, mali ya makabaila. Utwana ulifutwa mwaka 1861, miaka kumi baada ya treni ya kwanza. Makontrakta walikubaliana na wenye watu, na wenye watu wakawatoa watu wao kama mtu anavyokodisha ng'ombe. Walichimba udongo kwa koleo na kuubeba kwa toroli, katika mabwawa na mvua, na wengi walikufa kwa homa ya matumbo, kiseyeye na baridi. Mtu anapousifu unyoofu wa njia ile, na unastahili sifa, akumbuke ulinyooshwa na migongo ya nani.

Pamoja na hayo yote, stesheni moja ya kunywesha injini haitoshi kuwa mji. Kilichoigeuza Bologoye ni makutano. Mwaka 1870 ilifunguliwa reli ya kutoka Rybinsk, bandari ya mto Volga ambako majahazi makubwa ya nafaka yalitua na kupakuliwa kwa kuwa mito iliyoelekea kaskazini haikuweza kuyapitisha. Kabla ya hapo nafaka ilihamishiwa kwenye vyombo vidogo, ikavutwa na farasi na watu kwa wiki nyingi kupitia mifereji, na barafu ilipowahi, mzigo ulikwama mpaka majira ya kuchipua. Sasa gunia lililopakiwa Rybinsk lilifika Bologoye kwa behewa, likaunganishwa kwenye njia kuu na kwenda moja kwa moja kwenye bandari ya St. Petersburg kwa ajili ya kuuzwa nje. Mfereji wa Vyshny Volochyok, uliokuwa umelisha mji mkuu kwa zaidi ya karne moja, ukapoteza kazi yake kubwa. Utajiri ulihama kilomita zipatazo 45 tu, kutoka kwenye maji kwenda kwenye chuma.

Wazee wangu mliowahi kupangiwa kazi Tabora mnajua bila kuelezwa kwamba kazi ya makutano si sawa na kazi ya stesheni ya njiani. Behewa linalotoka njia moja kwenda nyingine linahitaji kukatwa, kusukumwa, kupangwa upya, kukaguliwa breki, kuandikiwa karatasi, na kusubiri. Kila kitendo kati ya hivyo ni mshahara wa mtu. Bologoye ikaajiri madereva, wachochea moto, mafundi wa boila, wakaguzi wa mabehewa, makarani wa mizigo, watu wa kubadilisha njia, na nyuma yao wakaja waoka mikate, washona nguo, walimu wa watoto wao na madaktari. Mwaka 1897 ikaongezwa reli ya magharibi kwenda Pskov, na mwaka 1907 ikakamilika reli ya kusini-magharibi kwenda Polotsk na kuendelea hadi Siedlce katika Poland ya leo. Hiyo ya mwisho ilijengwa kwa mikopo ya Ufaransa na kwa fikra za majeshi, ili askari wa Kirusi wafikishwe haraka mpakani endapo vita na Ujerumani ingetokea. Tangu hapo Bologoye imekuwa na njia za pande tano, na mwaka 1917 ikapewa rasmi hadhi ya mji.

Mwaka huohuo mji huu uligusa historia ya dunia, na uliigusa kwa sababu ya njia zake. Tsar Nikolai wa Pili, akitoka makao makuu ya jeshi huko Mogilev, alikuwa anakimbilia kwa familia yake karibu na mji mkuu uliokwisha kuasi. Treni yake ilipita Bologoye ikafika Malaya Vishera usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi kwa kalenda ya zamani, na huko akaambiwa kwamba stesheni za mbele zimeshikwa na askari walioasi. Treni ya mfalme ikarudi nyuma hadi Bologoye. Kutoka hapo, kwa sababu kulikuwa na reli ya magharibi, iliweza kugeuzwa kuelekea Pskov, kwenye makao ya jeshi la kaskazini, ikipitia stesheni iitwayo Dno, neno ambalo kwa Kirusi lina maana ya chini kabisa, kule kwenye sakafu ya kisima. Tarehe 2 Machi, ndani ya behewa lake pale Pskov, mfalme alitia saini ya kujiuzulu. Reli iliyofunguliwa miaka 20 tu kabla yake ndiyo iliyompeleka mahali pa saini hiyo.

Kwa ajili ya wapenda sanaa waliomo humu, nidokeze kwamba mwaka 1899 mchoraji Nicholas Roerich alikutana na mke wake wa baadaye, Helena, katika jumba la mwana wa ukoo wa Putyatin kando ya ziwa la Bologoye. Mwenye jumba alikuwa mpenzi wa mambo ya kale, aliyechimbua karibu na ziwa hilo mabaki ya watu wa Zama za Mawe, na reli ilikuwa imefanya jumba la kijijini liwe safari ya saa chache tu kutoka mji mkuu.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pande tano zile ziligeuka kuwa laana na wokovu kwa wakati mmoja. Oktoba 1941 Wajerumani waliuteka mji wa Kalinin, ambao ndio Tver ya leo, na njia kuu ya kwenda Moscow ikakatika. Upande wa magharibi adui alikuwa amefika Staraya Russa. Hata hivyo, reli ya zamani ya nafaka iliyotoka Rybinsk, ambayo hakuna kabaila wala jenerali aliyeiwazia vita, ilibaki mikononi mwa Wasovieti, na kupitia hiyo risasi, unga na askari waliweza kuufikia mji na kutoka hapo kwenda mstari wa mbele, huku majeruhi wakirudishwa kwa mabehewa hayohayo. Ndege za Ujerumani zilijua hilo, na ziliushambulia mji kwa mabomu mara nyingi. Wafanyakazi walitandika upya reli usiku ili treni zipite kabla ya mashambulizi ya kesho yake. Mzingiro wa Leningrad ulipovunjwa kabisa Januari 1944 na njia kuu kufunguliwa, treni mashuhuri ya usiku iitwayo Krasnaya Strela, yaani Mshale Mwekundu, ilirudi kwenye ratiba mwezi Machi mwaka huo, na ikawa tena inapita Bologoye katikati ya giza.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuzungumza leo. Mwaka 1962 njia yote kati ya Moscow na Leningrad ilikamilishwa kuwekewa umeme. Ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Lakini injini ya umeme haina kiu, haina majivu, haihitaji mchochea moto, na inaweza kwenda mbali bila kufumuliwa. Kwa siku moja mji hauoni tofauti. Kwa miaka 20 unaiona. Mvuke ulipoondoka, uliondoka na kazi za mikono mingi. Serikali ya Kisovieti ililipunguza pigo hilo kwa kuendelea kuajiri, kwa viwanda vidogo, na kwa mizigo mingi ya uchumi uliopangwa, ambayo bado ilihitaji kupangwa kwenye makutano. Karibu na mji kukajengwa pia mji uliofungwa wa wanajeshi wa makombora, ambao leo unaitwa Ozyorny. Katika miaka ya 1980 Bologoye ilikuwa na wakazi zaidi ya 30,000. Sensa ya mwaka 2010 iliwakuta wapatao 23,000, na hesabu haijaacha kushuka.

Baada ya mwaka 1991 mizigo ilipungua pamoja na viwanda vilivyoizalisha. Kwa miaka kadhaa jukwaa la stesheni likawa soko, na kina mama walitoka nyumbani usiku na ndoo zilizofunikwa kwa blanketi, ndani yake viazi moto vyenye bizari, maandazi ya kabichi, samaki wa kukaushwa kwa moshi. Dakika kumi za kusimama zilitosha kulisha familia. Kisha Desemba 2009 ikaanza treni ya mwendo kasi iitwayo Sapsan, iliyoleta safari ya chini ya saa nne kati ya miji mikuu miwili, na kati ya treni hizo ni chache tu zinazosimama Bologoye, tena kwa dakika moja au mbili. Ili kuipisha, sehemu kubwa ya mizigo ilihamishwa kutoka njia kuu na kuzungushwa kwa reli za mashariki zaidi. Vijana wengi wanakwenda kutafuta kazi Moscow na St. Petersburg, na wengine hufanya kazi huko kwa zamu na kurudi nyumbani baada ya wiki mbili.

Mimi siilaumu kasi. Nimepanda Sapsan na nikafurahi kama mtoto. Ninachosikitikia ni hesabu inayofanywa mezani, ambamo kila dakika anayookoa abiria huandikwa kama faida, na zamu ya kazi iliyofutwa katika mji wa katikati haiandikwi popote. Tangu mwaka 2024 inajengwa njia mpya kabisa ya mwendo kasi, iliyopangwa kupitia Tver na Veliky Novgorod, itakayopunguza safari kuwa saa mbili na robo. Wapo wanaotumaini kwamba njia ya zamani ikishaachiwa nafasi, treni za mizigo zitarudi Bologoye na makutano yatapata kazi. Tumaini hilo lina msingi, kwa sababu pande tano bado zipo, na reli haisahau njia zake upesi.

Kwa sasa msafiri mwenye pesa kidogo, anayeunganisha treni za mitaa kutoka Moscow hadi St. Petersburg, bado hushuka Bologoye kubadilisha, akanywa chai na kutazama ziwa. Na kwenye ile reli ya kimkakati ya mwaka 1907, iliyojengwa kwa ajili ya askari, wameikarabati stesheni ya Kuzhenkino na nyinginezo zirudi katika sura yake ya mwanzo, na zile ishara za mikono ya chuma zikaachwa zifanye kazi. Mwisho wa juma treni inayovutwa na injini ya mvuke huondoka Bologoye kwenda Ostashkov, kando ya ziwa Seliger, safari ya zaidi ya kilomita 100. Familia huja kutoka Moscow na watoto wao kuipanda. Kabla ya kuondoka injini hiyo hupewa maji, moto wake huchochewa, fundi huizunguka na kopo la mafuta akigusa kila kiungo, na watu wote husubiri mpaka iwe tayari.